Wameniandika Mzee Anayeishi Peke Yake

Kadzo, mke mwenzangu,

Hawe wako, bibi yako mzaa mama, anakusalimu kutoka Tezo. Usiniulize habari, nitakupa mwenyewe. Mwili mzima, meno yaliyobaki yanatafuna, lakini naogopa. Nimelisema mapema usije ukalitafuta huko chini ya barua. Naogopa pikipiki ikizimwa njiani saa sita mchana. Naogopa kuinama kupalilia, kwa sababu mtu aliyeinama haoni nyuma yake. Juzi nazi ilianguka kando ya jiko, nikapiga ukelele mpaka kuku wakatawanyika, kisha nikakaa pale chini nikajitukana matusi ambayo Mama Mueni amekataa kuyaandika.

Ndiyo, anayeandika ni Mama Mueni, fundi wa cherehani, nyumba ya pili kutoka kwetu. Mimi shule niliipita nje nikiwa na kuni kichwani, hilo unalijua. Nimemchagua yeye kwa sababu amezaa, amezika, na hana haja na shamba la mtu. Miaka thelathini yuko hapa na bado anaitwa mtu wa bara. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe. Amesema, "Haya mama, sikupambi, huna pa kupambwa." Na hilo nimemlazimisha aliandike.

Simu ninayo. Lakini simuni ningelia, wewe nawe ungelia, na salio lingekwisha tukiwa tunavuta kamasi. Tena barua inaweza kusomwa na wengi. Nataka hii uisome mbele ya wenzako na walimu wako, wale wanaotunga maswali. Uisome yote, hata mahali ninapokusema wewe.

Unaikumbuka piko, ile rangi nyeusi ya nywele? Kila mwezi, Jumamosi, nyuma ya jiko. Mimi nimeketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, wewe umesimama nyuma yangu na mswaki mkuukuu, ulimi nje kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Mbele nilijipaka mwenyewe. Kisogoni sikufika, kwa hiyo kisogo kilikuwa chako.

"Hawe, kwa nini unapaka nywele?"

"Nataka mume mwingine. Huyu babu yako amechakaa."

Na babu yako kutoka barazani: "Nasikia! Masikio hayajachakaa!"

Ulicheka ukaniachilia piko ikachuruzika shingoni, na kesho yake nikaenda kanisani na shingo nyeusi kama sufuria. Babu yako huyo ndiye aliyekupakata ukiwa na siku saba akatangaza kwamba ameoa tena. Nami nikakwambia hapo hapo, karibu mke mwenzangu, jikoni tutapeana zamu. Zamu yako mpaka leo huijui. Na jina nikakupa langu, ili mmoja akiitwa tuitike wawili.

Kisha ukakua, ukaenda chuo kikuu, ukasema unasoma mambo ya jamii. Nikauliza, jamii gani? Ukasema, zote. Nikasema, mimi hii moja tu imenishinda.

Mwezi wa kumi na mbili uliopita ulikuja na karatasi zako. Ulisema walimu wako wanataka kujua wazee wa pwani wanavyoishi, na wewe umepewa kazi ya kuyajaribu maswali kabla hayajapelekwa kwa watu. Tukakaa barazani, mimi nashona makuti, wewe na kalamu. Nilifurahi, Kadzo. Nilikuwa sijawahi kuulizwa maisha yangu kwa utaratibu, na mtu akasubiri jibu.

"Hawe, una miaka mingapi?"

"Kitambulisho kiko ndani ya foronya, kasome."

Ukarudi nacho. "Kinasema tarehe moja Januari."

"Sisi tuliozaliwa mashambani sote tulizaliwa tarehe moja Januari. Ilikuwa siku ya uchungu mkubwa hiyo, nchi nzima."

Ulicheka mpaka ukalalia mkeka. Nikakueleza ilivyokuwa. Karani alinitazama juu mpaka chini kama mtu anayenunua ng'ombe, akauliza nimezaa mara ngapi, akaandika mwaka. Umri wangu ni macho ya karani. Ukaacha kucheka, ukaliandika hilo pembeni ya karatasi.

"Haya," ukasema, "mzee sisi tumeweka ni mtu aliyetimiza miaka sitini."

"Nani kaweka?"

"Tumekubaliana, Hawe."

"Mlikubaliana na wazee?"

Ukakuna kichwa kwa kalamu. Nikakwambia, hapa kwetu mwanamke huwa mzee siku watu wanapoanza kumsalimia wakitazama nywele badala ya macho. Ukauliza, maana yake nini? Nikasema, nipe hilo kuti. Sikukujibu. Ningekujibu siku ile, leo nisingekuwa naandika.

Ukaja kwenye dini. Nikasema Jumapili niko kanisani, na mavuno yakiingia nammwagia babu yako tembo la mnazi kwenye koma yake, kile kigingi cha kumkumbukia. Ukasema, "Hawe, nichagulie moja." Nikakwambia chagua wewe mwenyewe, mimi kote huko sijafukuzwa.

Kisha ukasema kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Hilo nililipenda. Nikasema, mwishowe chuo kimesema neno la mtu mzima. Nikaanza kukutajia: mimi, na Mama Mueni, na mabinti wake wawili wakitoka shule, na Mbodze yule mjane wa kule bondeni akiwa hana unga, na wewe ukiwa likizo.

"Hapana Hawe, wanaolala hapa."

"Umesema chungu, sasa imekuwa kitanda?"

Ukaandika. Mimi kusoma sijui, lakini moja naijua, ni fimbo tu. Nikauliza, mbona umeniandika fimbo? Ukasema, "Ni kwa ajili ya hesabu tu, Hawe. Na jina lako halitaandikwa. Utakuwa namba. Hakuna atakayejua ni wewe."

Jioni ile uliniosha kichwa. Ukaona vidonda vya piko pale nyuma ya sikio, ukakasirika. "Acha hii dawa, inakuunguza. Nywele nyeupe ni heshima." Nikauliza, heshima ya wapi? Ukaniinamia, ukasema, "Mimi nataka kukuona ulivyo." Nani angekataa neno hilo kutoka kwa mtoto aliyemlea? Nikaacha. Ulipopanda gari kurudi chuoni, mizizi ilikwisha kuwa myeupe kidole kizima.

Sasa nikwambie nililokuficha.

Unamkumbuka wifi yangu Dama, dada wa babu yako, aliyekuwa akikuletea zambarau ukavua gauni ili usilichafue? Aliolewa karibu na Marereni. Nilikwambia aliugua tumbo akafa. Hakuugua. Alikatwa panga shambani kwake, mchana, akipalilia kunde. Walisema ni mchawi. Uchawi wenyewe ulikuwa nywele nyeupe, macho mekundu kwa moshi wa jikoni, na ekari nne alizoachiwa na mumewe. Waliomkata ni watoto wa shemeji yake. Alikuwa akiwapikia sima kila siku. Kadzo, walikuwa wakila chungu kimoja naye. Kwa karatasi yako hao walikuwa kaya moja.

Ulikuwa na miaka minane. Piko ilianza wiki ile ile. Nusu ya wanawake unaowajua hapa Tezo wanapaka, nawe ulidhani tunajipamba. Babu yako alijua. Zile kelele zake za barazani alikuwa akizipiga ili wewe ucheke usiulize zaidi.

Haya. Wenzako walikuja Jumanne moja, baada ya mvua za kwanza. Msichana mmoja na kijana mmoja, na kile kisimu chao kikubwa kama sahani. Wana adabu, sitawasingizia. Shikamoo waliitoa wakiwa bado uani, na viatu walivua. Lakini wageni hawatembei kijijini bila mwenyeji, na mwenyeji waliyepewa alikuwa Kazungu.

Kazungu ni mtoto wa marehemu shemeji yangu, ndugu wa babu yako. Ananiita mama mkubwa. Tangu babu yako afe, hanywi maji hapa bila kuuliza hati ya shamba iko wapi. Anataka mikorosho ikatwe, pagawanywe viwanja. Huyo ndiye aliyekuja akaegemea nguzo ya baraza, kijiti mdomoni, anachokonoa meno, wakati msichana wako anafungua maswali.

"Bibi, una umri gani?"

Nikamtazama Kazungu. "Hamsini," nikasema.

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama mkubwa! Hamsini ni mimi! Sema kweli, hawa ni watu wa chuo."

"Kwani ulikuwapo nikizaliwa?"

"Na hapa mnaishi wangapi, bibi?" akauliza msichana.

"Sita."

"Sita!" Kazungu akasogea, akamwinamia yule binti. "Dada, andika mmoja. Huyu ameshapita sabini na anaishi peke yake. Mjukuu yuko chuo, binti yake yuko Marereni. Hapa ni yeye na kuku."

Msichana akanitazama kwa huruma, kidole kikiwa juu ya kioo. "Usiogope, bibi. Haya yote ni siri."

Siri! Na Kazungu yuko hatua mbili, anasikia hata ninavyomeza mate. Msichana akabonyeza. Kisha akauliza shamba lina jina la nani. Kazungu akatoa kile kijiti mdomoni. Kadzo, nilimwona akitoa kijiti, nikajua hilo ndilo swali alilolingoja. Nikasema tumbo linaniuma, nikaingia ndani, nikafunga, nikakaa juu ya kitanda nimeshika mto wenye kitambulisho. Nilisikia wakisema, "Ahsante bibi, ugua pole." Kisha chaki ikakwaruza mlango. Walikuwa wanaweka namba, nyumba hii imeshaulizwa.

Hiyo ndiyo namba uliyoniahidi.

Usiniambie jina halikuandikwa. Kazungu jina alilihitaji la nini? Amelijua tangu azaliwe. Alichokuwa hana ni mtu mkubwa wa kumsemea. Siku ya pili yake Mama Mueni alikuwa dukani ananunua vifungo, akamsikia: "Hata chuo kikuu kimekubali. Ni ajuza, na yuko peke yake. Imeandikwa." Mtu akauliza, na nywele je? Akasema, "Nyeupe kama pamba. Siku hizi hata hafichi."

Wiki iliyofuata wakapita vijana wawili nisiowajua. Walisimama mbele ya mlango, wakaitazama ile chaki, wakanitazama mimi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

Macho yangu hawakuyatazama.

Namba nimeifuta kwa makumbi ya nazi na maji. Imetoka. Lakini mlango wetu una moshi wa miaka, na pale nilipofuta pamebaki peupe kuliko mlango wote. Mtu akitokea barabarani hapo ndipo anapoona kwanza. Nimekwenda kwa mzee wa kijiji, akaniambia Kazungu ni mtoto mzuri, mama unajitia hofu. Nikamuuliza, hata Dama alijitia hofu? Akamwita mkewe alete chai. Mama yako ananiita niende nikakae naye Marereni. Anasema shamba ni udongo tu, mama. Ni kweli ni udongo. Babu yako yumo ndani yake. Nikiondoka wiki mbili nitakuta mikorosho imelala na Kazungu amesimama katikati na kamba ya kupimia.

Sikulaumu, Kadzo. Nakulaumu kidogo, kiasi cha kijiko cha chai. Ulinitaka nilivyo, na kuwa nilivyo ndiko kunakoniletea watu mlangoni. Hukujua kwa sababu mimi nilikuficha. Kwa hiyo kijiko kingine ni changu.

Sasa wasomee walimu wako hapa. Waambie sikatai kuulizwa. Wakitaka, waje waulize tena, nitawapa na madafu. Lakini wakimuuliza mwanamke wa huku umri wake, kwanza wamtume mwenyeji akachote maji mbali. Wasiwape watu wa nyumba nafasi ya kumjibia. Wasitie chaki milangoni. Na wakifika chuoni wakaona wanawake wa Tezo wote wana miaka hamsini, na nyumba zetu zimejaa watu, wasiseme hatujui kuhesabu. Tunahesabu kila siku, tukisikia hatua uani. Mimi nilitoa jibu ambalo lingeniacha nipumue, wao wakalisahihisha. Mzee kwao ni hesabu ya miaka. Huku ni mashtaka, na hukumu hutekelezwa na mtu uliyemlisha.

Waulize pia hili, nami nataka jibu. Chungu kimoja kinanionyesha nani anakula nami. Je, wana swali la kujua nani anakula nami na ananitakia kesho? Kama wanalo, wanitumie. Nina haja nalo leo.

Mama Mueni amesimamisha kalamu, anasema mkono umemuuma. Uongo. Anajifuta macho kwa ile tepu yake ya kupimia nguo. Basi nimseme na yeye.

Siku aliyotoka dukani na yale maneno, alikuja moja kwa moja jikoni kwangu na sufuria yake mkononi, akaiweka juu ya mafiga yangu.

"Mama, uliwaambia sita?"

"Niliwaambia."

"Basi tuanze."

Jioni hiyo hiyo walihamia, yeye na mabinti wake wawili. Cherehani iko barazani kwetu, pale pale kwenye nguzo aliyoegemea Kazungu. Inalia tangu asubuhi, watu wanakuja na nguo zao, wanangoja, wanapiga soga, na mimi nashona makuti nikiwa nimeegemeza mgongo ukutani. Nikimhesabu na mimi, hao wanne. Kisha Mbodze akapanda kutoka bondeni na mkeka wake kwapani. Akasema, "Nimesikia hapa mnatafuta watu." Naye anapaka piko, naye nyuma haoni. Tukawa watano. Sikuwaokota njiani, Kadzo. Niliketi nikawapima mmoja mmoja, nani akipewa shamba langu angelikataa. Ndivyo nilivyoandika hojaji yangu mimi, kichwani, bila kalamu.

Kazungu alipita juzi. Akatazama cherehani, akatazama mikeka mitano iliyoanikwa. "Mama mkubwa, umefungua hoteli?" Nikamwambia, karibu, lakini chakula kimehesabiwa. Hakuingia. Lakini hakwenda mbali. Alisimama pale kwenye mkorosho wa kwanza, akiupapasa gome kama mtu anayepapasa mbuzi wa sikukuu.

Kwa hiyo usidhani nimepona. Naogopa bado. Mama Mueni akinyamazisha cherehani kubadilisha uzi, naacha kuti nasikiliza uani mpaka aanze tena. Mbodze hucheka akilala, na kicheko chake mara mbili kimeniinua kitandani. Kunde za kule mwisho zimemezwa na majani, sijathubutu kwenda.

Piko nimenunua. Iko kwenye karatasi yake juu ya kabati, haijafunguliwa. Mbodze amejitolea kunipaka kisogoni, nimemkatalia. Kisogo changu kina mwenyewe. Njoo, uje mchana, Mama Mueni atakungoja barabarani. Kama ni kupaka, utanipaka. Kama ni kuacha, uniambie tena niache, lakini sasa ukiwa unajua, na uniambie ukinitazama machoni.

Nilisema sita, Kadzo. Tuko watano.

Ni mimi Hawe wako, mke mwenzako,
Kadzo mkubwa